Android au iPhone? Simu za kununua Uganda, kuanzia inayofaa zaidi hadi ya kuachwa dukani

Kwa mtu anayeishi Uganda na anayetaka simu moja ya kazi zote, jibu langu ni Android, na hasa ile iliyoahidiwa masasisho ya miaka mingi. iPhone naiweka nafasi ya tatu, tena kwa masharti. Nyingine ni za mahitaji maalumu, na zipo za aina mbili ambazo nashauri mziache palepale dukani.

Kamera nzuri inapendeza, lakini sianzii hapo. Huku kwetu simu ndiyo pochi na ndiyo ofisi. Ina pesa za simu, yaani MoMo ya MTN au Airtel Money, ina WhatsApp ya wateja, ina picha za risiti na za kitambulisho. Kwa hiyo naanza kuuliza kama inabeba laini mbili, maana wengi wetu tuna MTN na Airtel pamoja. Nauliza kama kioo kikipasuka fundi wa Arua au Mbarara atakuwa na spea, au itabidi simu ipandishwe basi kwenda Kampala. Kisha nauliza mtengenezaji ataendelea kuziba mianya ya usalama mpaka lini. Swali hili la mwisho wauzaji hawalipendi, nami nalishikilia kuliko yote.

Nafasi ya kwanza: Android yenye ahadi ndefu

Mfano wangu ni Samsung Galaxy A16, iliyotoka mwishoni mwa 2024 kwa ahadi ya miaka sita ya masasisho ya usalama. Maana yake ni kwamba hadi 2030 mtengenezaji bado anaihudumia. Ndugu yake mdogo, Galaxy A06, aliahidiwa miaka minne, na kwa bei yake si haba. Hizi si simu za kutamba nazo harusini, ila zinapokea WhatsApp, zinafungua programu za benki, zinabeba laini mbili, na spea zake hazitafutwi kwa tochi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hatulitaji vya kutosha. Android nyingi zinaweza kugeuzwa kuwa Kiswahili, menyu pamoja na maonyo. Orodha ya lugha za mfumo wa iPhone haina Kiswahili. Utapata kibodi ya kuandikia tu. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na shule zinatakiwa kukifundisha. Mwalimu wa Kiswahili anayetaka wanafunzi wakione kikitumika nje ya kitabu awashe Android yake awaonyeshe. Na mzazi asiyesoma Kiingereza atajitegemea, hatamwita mjukuu kila anapoona onyo asilolielewa.

Nafasi ya pili: Tecno na Infinix

Hizi ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, inayotengeneza itel pia. Betri ya 5,000 mAh imekuwa kawaida kwao, na umeme ukikatika jioni utaujua uzito wa jambo hilo. Nyingi zina redio ya FM, ukichomeka tu waya wa masikioni. Fundi yeyote wa mtaani amezizoea.

Kwa nini basi ziko nyuma ya Samsung? Zile za bei ya chini hazina ahadi ndefu ya masasisho, na huja na programu za matangazo ambazo hukuziomba. Siku ya kwanza kaa chini, ondoa zinazoondoka, na zilizobaki uzizuie kutuma arifa. Bando tunalinunua kwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, hivyo hakuna sababu ya kulichoma kwa matangazo ya watu.

Halafu soma boksi kwa makini. Ukiona RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu, ya GB 8 imeandikwa kwa herufi kubwa, mara nyingi GB 4 ndizo halisi na nne nyingine zimekopwa kwenye hifadhi ya simu. RAM ya kukopa haina kasi ya ile halisi. Mwulize muuzaji, “Halisi ni ngapi?” kisha fungua mipangilio uhakikishe mwenyewe kabla hujatoa pesa.

Nafasi ya tatu: iPhone

Kama simu, iPhone ni imara, na Apple huihudumia kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunainunua ikiwa imeshatumika, na hapo ndipo watu wanapoliwa pesa.

Anza na umri wake. Tangu Mei 2025 WhatsApp inadai iOS (mfumo wa iPhone) ya 15.1 au zaidi, hivyo iPhone 6 imekwisha kwa matumizi yetu. iPhone 7 imekwama kwenye iOS 15, iPhone 8 na X zimekwama kwenye iOS 16. Hata XR na XS hazikupata iOS 26 iliyotoka Septemba 2025. Nisingenunua chini ya iPhone 11.

Laini nazo zina mambo yake. iPhone nyingi zinazofika huku zina nafasi ya kadi moja tu, na laini ya pili lazima iwe eSIM, yaani laini isiyo na kadi, inayosajiliwa ndani ya simu. Ukiletewa na ndugu aliyeko Boston, kumbuka kwamba kuanzia iPhone 14 matoleo ya Marekani hayana kabisa mahali pa kuweka kadi. Mwambie pia ahakikishe haijafungwa kwenye mtandao wa kampuni ya huko, la sivyo itafika hapa na kuikataa laini yako.

Ukiwa mbele ya muuzaji, mtake aondoe akaunti yake ya iCloud huku ukitazama, aifute simu, kisha uiwashe upya wewe. Akisema atakutumia nenosiri jioni, ondoka. Simu iliyofungwa na akaunti ya mtu mwingine hutaifungua, na pengine iliibwa. Tazama afya ya betri: ikishuka chini ya asilimia 80, Apple yenyewe inahesabu kwamba imefika wakati wa kubadilishwa, kwa hiyo punguza bei kwa gharama ya betri mpya. Bonyeza *#06# na ulinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye risiti. Android iliyotumika ikaguliwe vivyo hivyo, kwani akaunti ya Google nayo hufunga simu.

Hifadhi ya bure ya iCloud ni GB 5, ya Google ni GB 15. Kwa mtu wa picha nyingi, tofauti hiyo itamgusa mapema.

Nafasi ya nne: Android Go

Kama bajeti ni ndogo sana, itel na Tecno Pop zenye Android Go, toleo jepesi la Android, zinatosha kwa WhatsApp na kusoma habari, mradi usifungue mambo mengi kwa pamoja. Usikubali hifadhi ya GB 32 kama ya GB 64 ipo. Ukichukua kwa malipo ya kila siku kama yale ya M-KOPA, piga hesabu ya jumla mpaka siku ya mwisho, na ujue kwamba ukichelewa kulipa simu hujifunga.

Za kuachwa

Huawei mpya ni kazi nzuri ya mikono, lakini tangu vikwazo vya Marekani vya Mei 2019 simu zake mpya hazina huduma za Google. Zipo njia za kuzungukia, ila simu ya kazi ya kila siku haifai kuwa ya kuzungukiwa. Simu za vitufe zenye KaiOS, mfumo unaozipa intaneti na programu chache, nazo nisingezinunua sasa, kwa sababu WhatsApp imeshaziacha.

Kwa wanaotaka vitufe, bora katochi, ile simu ndogo ya kawaida yenye tochi, kuwa simu ya pili. Namba za pesa za simu, *165# ya MTN na *185# ya Airtel, zinafanya kazi humo bila intaneti, na chaji yake hukaa siku kadhaa. Wafanyabiashara wengi huweka laini ya pesa kwenye katochi inayobaki nyumbani au kaunta, na simu kubwa ndiyo inayotembea nao kwenye boda.