ESP32 kwa karakana ya wanafunzi: ubao mzuri, ila Mombasa una masharti

Chuo cha umma kikitaka wanafunzi watengeneze vitu vya kuuzika, pesa za mwanzo ziende kwenye ubao ambao mwanafunzi akiuunguza, karakana haisimami. Kwa kazi hiyo ESP32 ya kampuni ya Espressif, chipu ya kompyuta ndogo inayouzwa juu ya ubao na iliyotoka 2016, ndiyo tunayoipendekeza kwa klabu ya ubunifu, iwe Tudor au kwingineko mjini. Wi-Fi na Bluetooth zimo ndani, na programu zake huandikwa kwa Arduino IDE, programu ya kuandikia na kupakia msimbo, ambayo wengi wameshaizoea. Lakini jinsi inavyotoka dukani, haijawa tayari kwa hewa ya Pwani.

Tuipime kwa bidhaa moja yenye wanunuzi hapa hapa: kifaa cha kumwarifu mwenye samaki kwamba friza imeanza kupata joto. Kihisi kinachofaa ni kihisi joto cha DS18B20 kilichofungwa ndani ya mrija wa chuma, chenye usahihi wa nusu digrii ya Selsiasi kati ya -10 na 85. Weka rezista (kizuia umeme) ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na waya wa umeme wa 3.3 V. Ukisoma -127, kihisi hakionekani: waya umeachia au rezista haipo. Ukisoma 85 kamili, friza haijaungua. Umesoma kabla kihisi hakijamaliza kupima, na kwa biti 12, yaani kipimo chake cha hatua ndogo zaidi, kinahitaji milisekunde 750. Kikundi kisichojua hili kitatuma onyo la uongo usiku, na mteja hatakuwa na imani nacho tena. Vihisi bandia ni vingi, kwa hiyo kila kimoja kitumbukizwe kwanza kwenye maji yenye barafu iliyopondwa. Kisome karibu na 0.

Ubao wenyewe ukae nje ya friza. Kuta za chuma huzuia Wi-Fi, na unyevu unaoganda hushuka moja kwa moja kwenye pini. Kinachoingia ndani ni mrija na waya wake tu.

Umeme ndio unaowaangusha wengi. Wi-Fi inapotuma, ESP32 huvuta mkupuo mkubwa wa ghafla. Kebo nyembamba ikishindwa, ubao unajizima na kujiwasha bila kukoma, na mwanafunzi anakesha akitafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa. Badilisha kebo kwanza. Pini zinataka 3.3 V, kwa hiyo kihisi kinachotoa 5 V kipunguzwe volti. Pia usisome volti kwenye pini za kundi la ADC2 (moja ya sehemu mbili za chipu zinazogeuza volti kuwa namba), kama 25, 26 na 27, Wi-Fi ikiwa imewashwa. Tumia 32 hadi 39.

Kwenye betri, hapo hatuusifu. Chipu ikilala usingizi mzito hutumia maikroampea chache, lakini ubao wa kujifunzia una taa, chipu ya USB na kidhibiti volti ambavyo havilali. Vikivuta miliampea 10, betri ya mAh 2,000 haimalizi siku tisa. Kifaa cha kuuza kitengenezewe ubao wake, wenye moduli ya ESP32 peke yake na kidhibiti kinachotumia umeme kidogo.

Kisha chumvi. Karibu na bahari, mabaki ya dawa ya kulehemu hunyonya unyevu, na shaba huota kutu ya kijani. Safisha kwa spiriti, kausha vizuri, halafu paka vanishi ya akriliki tabaka mbili nyembamba, ukiziba kwa utepe soketi ya USB na pini. Sanduku liwe la IP65, yaani la kiwango kinachozuia vumbi na maji ya kurushwa, na waya uingie kwa chini, ili maji yadondoke yasifuate waya hadi ndani.

Kabla ya maonyesho ya chuo, mwenye wazo jipya awasilishe ombi KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwanda. Hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) hulindwa miaka 20, modeli ya matumizi (haki ya uvumbuzi mdogo) 10, na zote mbili hutaka kitu kiwe kipya. Kifaa chenye redio kinahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kuuzwa, jambo ambalo vikundi vingi hulisikia baada ya kuchapisha bei. Wasimamizi wa vituo vya ubunifu waliweke wiki ya kwanza.

Kwa kikundi cha watu wanne tungenunua mbao mbili, vihisi vitatu, kebo nzuri moja kwa kila ubao, pakiti ya rezista na kopo moja la vanishi, ambalo hutosha vikundi kadhaa.