Uzoefu wangu wa kununua fleti Torrevieja, Hispania: wakili kwanza, nyumba baadae

Naanza na jibu kabisa kwa asiye na muda wa kusoma yote. Kama unataka nyumba pwani ya Hispania, tafuta wakili wako mwenyewe kabla hujaanza kutafuta nyumba, na huyo wakili asiwe ameletwa na dalali anayekuuzia wala wasiwe wanakaa ofisi moja. Mengine yote nitakayoandika yanarudi hapohapo.

Sisi tulinunua 2023, fleti ya vyumba viwili vya kulala ghorofa ya tatu, Torrevieja upande wa La Mata, mkoa wa Alicante, kwa euro 112,000. Mimi na mume wangu ni Watanzania, tunaishi na kufanya kazi Ujerumani, na hela ilikuwa nusu akiba nusu mkopo wa benki ya hukohuko Hispania. Kwa nini Torrevieja? Kwa sababu Ibiza na Marbella hatuwezi, ndo ukweli, alafu kusini ya Costa Blanca, yaani pwani ya Alicante, kuna majengo mengi ya miaka ya 70 na 80 ambayo bei yake mtu wa mshahara anaifikia, uwanja wa ndege wa Alicante uko karibu na ndege za bei nafuu zinatua kila siku kutoka Ujerumani, na mi nimekulia Tanga, nilitaka bahari ninayoifikia kwa miguu asubuhi. Mashamba ya chumvi yapo pia, na lile ziwa lao la pinki lenye flamingo, watoto wanalipenda mno.

Sasa madalali. Kule dalali analipwa na upande wa muuzaji mara nyingi, na udalali wa nyumba sio kazi inayodai leseni nchi nzima, kwa hiyo unakutana na watu wazuri sana na unakutana na wengine hawajui hata wanachouza. Fleti ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa na vyumba vitatu, karibu na Playa de los Locos, dalali akatwambia tuweke euro 3,000 za kuishikilia leoleo maana kuna Wabelgiji wanakuja kesho. Wakili wetu akasema hakuna senti inatoka mpaka apate nota simple. Hiyo ni karatasi ya Registro de la Propiedad, yaani rejista ya mali, inagharimu kama euro 10 tu na unaiagiza onlaini, na inakwambia mwenye nyumba ni nani, ukubwa wake, ina mkopo gani na kama kuna mdai aliyeizuia kwa amri ya mahakama. Ilipotoka, kumbe nyumba imezuiwa kwa deni, alafu kile chumba cha tatu hakipo kabisa kwenye hati, ni baraza lililozibwa kwa vioo na hakuna kibali popote. Na juu ya hapo dalali alikuwa anataka sehemu ya bei ilipwe pembeni taslimu isionekane kwenye hati. Msikubali hiyo ndugu zangu, ukija kuuza wewe faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo na kodi yake utailipa wewe, achilia mbali kwamba ni kuvunja sheria.

Tulipomuuliza dalali kuhusu deni jibu lake lilikuwa hayo yote notari atayasafisha siku ya kusaini. Hapa ndo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nieleze vizuri. Notari wa Hispania ni mtu mkubwa, anateuliwa na serikali, hati ya kununua nyumba inayoitwa escritura inasainiwa mbele yake na anaisoma mstari kwa mstari. Anahakikisha nyie ni nyie, anaangalia rejista, anaandika hela imelipwa kwa njia gani. Lakini haendi kuiona nyumba, hapimi kama baraza limekuwa chumba, hasomi vikao vya jengo, na hayuko upande wako, yuko katikati. Hata cheti cha kuonyesha muuzaji hadaiwi na jengo, sheria inamtaka muuzaji akilete, ila mnunuzi anaruhusiwa kumsamehe asikilete, na hiyo sentensi ya kumsamehe inaingia kwenye hati kwa Kihispania na we unasaini huku unatabasamu.

Na madeni ya jengo sio mchezo. Majengo ya fleti kule yanaendeshwa na umoja wa wamiliki, comunidad de propietarios, kila mtu anachangia usafi, lifti, bwawa la kuogelea na kadhalika. Kama aliyekuuzia hakuchangia, nyumba yako inabeba deni la mwaka huo unaonunua pamoja na miaka mitatu iliyotangulia. Umenunua leo, unadaiwa mambo ya miaka ambayo hata Hispania ulikuwa hujakanyaga.

Ile tukaiacha, tukapata hii ya sasa, na hapa ndo nilimwona wakili anafanya kazi ya hela yake. Aliomba cheti cha deni, risiti za IBI (kodi ya nyumba ya kila mwaka, mkoa wa Alicante inakusanywa na SUMA), cheti cha nishati, na kitu ambacho mi nisingekifikiria, kumbukumbu za vikao vya wamiliki vya miaka ya nyuma. Humo akakuta jengo limeshapitisha mchango maalum wa kukarabati vibaraza vya mbele kwa sababu chumvi ya bahari imekula nondo. Mtu wa Tanga au Mombasa haitaji kuelezwa chumvi inafanya nini kwenye nondo. Mchango wa namna hiyo wanauita derrama na kama hamjaelewana vingine analipa yule ambaye ni mwenye nyumba siku unapodaiwa, yaani mimi. Wakili akaandika kwenye mkataba kwamba muuzaji anaulipa wote, muuzaji akakubali, bas, kwa hilo peke yake ada yake ilisharudi.

Ule mkataba wa kwanza unaitwa arras. Unatoa asilimia 10, ukighairi wewe imeliwa, akighairi muuzaji anakurudishia mara mbili, ipo kwenye sheria yao ya madai kifungu cha 1454. Kama unanunua kwa mkopo hakikisha kimeandikwa kipengele kwamba benki ikikataa hela yako inarudi yote, maana bila hicho benki ikikataa ni wewe umeghairi. Tunaoishi nje ya Hispania benki kwa kawaida hazitupi zaidi ya asilimia 60 mpaka 70 ya thamani, wakazi ndo wanafika 80. Kitu kimoja nilikipenda sana kwa mkopo wa kule, tangu sheria ya 2019 benki inakupa masharti yote kwa maandishi siku 10 kabla ya kusaini, na lazima uende kwa notari peke yako bila mtu wa benki akuelezee kila kipengele bure na akuulize maswali aone umeelewa. Natamani na kwetu iwe hivo.

Tuje kwenye hela yenyewe kwa sababu bei ya kwenye tangazo sio bei. Nyumba iliyokwishakaliwa inalipiwa kodi ya kuhamisha umiliki, ITP, na jimbo la Valencia, ambalo mkoa wa Alicante uko ndani yake, wakati tunanunua ilikuwa asilimia 10. Kila jimbo lina yake, Andalusia ni 7, kwa hiyo Málaga na Alicante ni hesabu mbili tofauti kabisa. Nyumba mpya kutoka kwa mjenzi unalipa VAT ya asilimia 10 na ushuru wa hati juu yake. Kwetu ikawa ITP 11,200, wakili 1,500 na VAT yake ya asilimia 21 ikafika 1,815, notari na rejista kama 1,400, mthamini wa benki kama 350. Jumla inakaribia euro 127,000 na bado hujanunua hata kijiko. Na tangu 2022 serikali ina bei yake ya marejeo kwa kila nyumba kwenye Catastro (daftari la serikali la ardhi na nyumba), ikiwa juu kuliko uliyonunulia basi ITP inapigwa kwa hiyo ya kwao, sio ya kwako. Unaiangalia onlaini kabla, wakili wetu aliiangalia siku ya kwanza.

Muuzaji wetu alikuwa haishi Hispania, na hilo lina mambo yake. Mnunuzi unatakiwa ukate asilimia 3 ya bei, kwetu 3,360, uipeleke mwenyewe mamlaka ya kodi kwa fomu 211 ndani ya mwezi mmoja, usipopeleka wanakudai wewe na nyumba ndo dhamana. Kodi ya manispaa ya kupanda kwa thamani ya ardhi nayo ni ya muuzaji, ila akiwa anaishi nje manispaa inakufata wewe mnunuzi, kwa hiyo wakili aliikadiria akaizuia kwenye malipo mpaka ilipolipwa. Mtu asiye na wakili haya anayajulia wapi?

Siku ya notari ilikwenda vizuri. Kihispania chetu ni cha sokoni kwa hiyo mkalimani alikuwepo, hundi ya benki mezani, NIE zetu mbili (namba ya mgeni, kila mmoja anahitaji yake, sisi tuliomba ubalozi mdogo wa Hispania hukuhuku Ujerumani na ada ilikuwa kama euro 10). Kama mnanunua mke na mume notari atawauliza mko chini ya utaratibu gani wa mali za ndoa, sie ndoa yetu ilifungwa Tanzania, ikaandikwa ni utaratibu wa sheria ya nchi yetu na kila mtu nusu yake ikatajwa wazi. Semeni nusu kwa nusu mbele yake iandikwe, dada zangu hasa nawaambia nyie, jina lako liwemo.

Kuhusu nyumba zenyewe nina ushauri mmoja, nenda ukaione Januari. Kila mtu anaenda Julai, jua kali, anapenda kila kitu. Januari ndo utajua kama ina unyevu, kwa sababu majengo mengi ya zamani hayana hita, sakafu yote ni vigae, na ndani panaweza kuwa na baridi kuliko nje. Ya kwetu baraza linaangalia kusini na jua la baridi linaingia mpaka sebuleni, hiyo nililipia zaidi kwa hiari na sijutii hata siku moja. Angalia na mafuriko. Ukanda wa Vega Baja na Orihuela ulizama Septemba 2019, na Oktoba 2024 Valencia walikufa watu zaidi ya 200, na serikali ina ramani ya bure onlaini inaitwa SNCZI, unaweka mtaa wako unaona kama maji yanapita hapo. Tafadhali iangalieni kabla ya kupenda nyumba.

Wengi wananiuliza kama inaleta ukazi. Hapana. Ile viza ya kuwekeza euro 500,000 kwenye nyumba ilifutwa Aprili 3, 2025, na sasa hivi kuwa na nyumba Hispania hakukupi viza wala kibali. Sisi wenye kibali cha Ujerumani tunaenda siku 90 katika kila 180, wewe wa Dar, Nairobi au Muscat unaomba viza ya Schengen kama kawaida hata kama funguo unazo mfukoni. Na wanaowaza kupangisha watalii ili mkopo ujilipe wenyewe, tangu tarehe hiyohiyo unahitaji kwanza ridhaa ya tatu ya tano ya wamiliki wa jengo, ukiacha usajili wa jimbo. Jengo letu wazee wengi hawataki kabisa, na mi nawaelewa.

Kila mwaka kuna IBI, michango ya jengo, takataka, na kodi moja inayosahauliwa sana, fomu 210, inalipwa na asiye mkazi hata kama nyumba imefungwa mwaka mzima. Wanachukua asilimia 1.1 au 2 ya thamani ya Catastro kisha wanakata asilimia 19 kwa anayeishi Umoja wa Ulaya, 24 kwa karibu wengine wote, wakiwemo wanaoishi Uingereza na Tanzania. Kwa thamani ya 40,000 na ile asilimia 1.1, sisi inakuja kama euro 84, sio kubwa, ila mwisho wake ni Desemba 31 ya mwaka unaofuata na faini zinajumlishwa kimyakimya.

La mwisho ni wosia na hili nawasihi hasa Waislamu wenzangu. Kanuni ya Ulaya ya mirathi inayotumika tangu Agosti 2015 inasema mali inafuata sheria ya nchi uliyokuwa unaishi ukifa, kwetu ingekuwa ya Ujerumani, isipokuwa umeandika kwenye wosia kwamba unachagua sheria ya uraia wako. Sisi tulikaa na shehe kwanza, tukakaa na wakili, tukarudi kwa notari tukaandika, kila mtu wa kwake, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya nyumba. Ukishamaliza escritura uliza hapohapo lini mnaweza kurudi kwa ajili ya wosia.