Mishumaa ya nta ya nyuki: angalia utambi kabla ya rangi

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo niko nyumbani hapa Sakina, Arusha, na mezani nimeweka mishumaa mitatu ya nta ya nyuki. Wengi mmeniuliza kama inafaa kununua, maana bei yake iko juu sana ukiilinganisha na ile mishumaa myeupe ya pakiti tunayochukua kwa Mangi. Jibu langu ni ndiyo, inafaa. Lakini si kila mshumaa unaouzwa kwa jina hilo unafaa, na sababu nyingine wanazozitaja wauzaji si za kweli. Na ukifika dukani, kabla hujanusa, kabla hujasifia rangi, tazama utambi.

Ngoja niusogeze huu mnene karibu na kamera. Mnauona utambi wake? Mwembamba kama uzi wa kushonea nguo, na mshumaa wenyewe una upana wa kikombe cha chai. Nauwasha sasa. Mwali unasimama vizuri, mtu ataridhika. Tuuache tuendelee kuongea, halafu tutaurudia.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65 hivi za Selsiasi. Ni nta ngumu, na hata ikishayeyuka ni nzito, haipandi kwenye utambi kwa wepesi. Kwa hiyo inadai utambi mnene kidogo, wa pamba, uliosukwa. Mtengenezaji akiweka utambi aliouzoea kwenye parafini (ile nta ya mishumaa myeupe ya pakiti, si mafuta ya taa), moto unakosa nguvu ya kuyeyusha nta ya pembeni. Unachimba shimo katikati, nta inajaa shimoni, mwali unazama na kuzimika, na nusu ya pesa yako inabaki ukutani mwa mshumaa haijaguswa. Utambi ukiwa mnene kupita kiasi nao ni tatizo: mwali unakuwa mrefu, unarukaruka, unatoa moshi, na dari inaanza kupata weusi. Nta ni ileile, safi kabisa, na matokeo ni tofauti kabisa. Ndiyo maana nasema anza na utambi.

Utambi mzuri wa kusuka, ukiwaka, ncha yake inajikunja yenyewe na kutokeza pembeni mwa mwali, inaungulia hapo. Ukiona hivyo ujue anayetengeneza anaijua kazi yake. Ukikuta waya ndani ya utambi, mimi siuchukui. Zamani kulikuwa na tambi zenye waya wa risasi, na Marekani ilizipiga marufuku mwaka 2003 kwa sababu risasi ile inaingia hewani mnapokaa. Waya wa siku hizi kwa kawaida ni wa madini mengine, lakini kwa jicho tu huwezi kutofautisha, na pamba tupu inatosha.

Sasa tuje kwenye nta yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapouziwa parafini iliyotiwa rangi ya njano.

Huu mwembamba, mrefu, umekaa kabatini tangu Juni, na mnajua baridi yetu ya Arusha ya Juni na Julai. Tazameni huo weupe juu yake, unafanana na vumbi la unga. Kuna mtu angeurudisha dukani akidhani umeota ukungu. Hapana. Nta ya nyuki ikikaa mahali pa baridi kwa muda, baadhi ya mafuta yake ya asili yanatoka juu na kufanya utando huo. Nachukua kitambaa laini, nafuta hivi, taratibu... umeona? Rangi ya dhahabu imerudi. Ukiupitishia hewa ya uvuguvugu nao unaondoka. Utando huo ni dalili nzuri, ingawa mshumaa mpya unaweza usiwe nao.

Cha pili, chukua kipande kidogo cha nta ukikande mkononi. Nta ya nyuki inalainika kwa joto la kiganja, inafinyangika bila kupasuka. Ikiwa baridi, ukiivunja, pale ilipovunjika panakuwa na chembechembe, hapang'ai. Muuzaji mwenye mali safi atakuwa na kipande cha kukupa ujaribu.

Na harufu? Inakuwepo, ya asali kwa mbali, pamoja na ile gundi ya nyuki. Ni harufu ya upole. Ukisimama hatua tatu kutoka mezani na harufu imeshakufikia kwa nguvu, hapo kuna manukato yameongezwa. Manukato si kosa kama yameandikwa. Kosa ni kukuambia kwamba nyuki ndio walioyaweka.

Rangi isikuhangaishe sana. Nta inayotokana na vile vifuniko vyeupe vya masega ya asali huwa ya njano iliyofifia, na ya masega makuukuu waliyolelea watoto huwa ya kahawia. Sufuria nayo inachangia: ukiyeyushia nta kwenye chombo cha chuma cha kawaida, cha shaba au cha zinki, inabadilika rangi, ndiyo maana wanaojali wanatumia aluminiamu au chuma kisichoshika kutu. Kwa hiyo mshumaa wa kahawia unaweza kuwa nta tupu, na wa njano inayong'aa ukawa parafini. Iliyo nyeupe kabisa imepaushwa.

Mwaka jana kwenye maonyesho ya Nanenane, pale viwanja vya Themi, nilisimama kwenye meza ya mzee mmoja mfugaji wa nyuki. "Shikamoo mzee." "Marahaba binti yangu, karibu asali." Nikamuuliza kuhusu mishumaa: hii ni nta tupu au umechanganya? Akanijibu bila kuzunguka, "Ile ya mbele tupu. Hii ya nyuma nimetia parafini, ndiyo maana bei imeshuka." Muuzaji wa namna hiyo mshike. Uliza swali hilohilo, kwa maneno hayohayo, na umtazame usoni akikujibu.

Kwa nini ni ghali? Nta haiokotwi mauani. Nyuki wafanyakazi, wakiwa bado wachanga, wana tezi chini ya tumbo zinazotoa vipande vyembamba vya nta. Wanavitafuna, wanavijengea sega. Inakadiriwa kwamba ili watoe kilo moja ya nta wanakula asali ya kilo 6 hadi 8. Na kwenye mizinga yetu ya magogo na ile ya viunzi vya juu, ambako mrinaji anakata sega zima, unapata karibu kilo moja ya nta kwa kila kilo 10 za asali. Tanzania ina nta nyingi, hasa kutoka misitu ya miombo kule Tabora, Katavi na Singida, na inauzwa hadi Ulaya, Marekani na Japani. Inaniuma kwamba wafugaji wengi wakishakamua asali wanatupa masega. Wanatupa mali. (Nyuki wadogo, wale wasiouma ambao asali yao tunaipenda sana huku, sega lao limechanganyika na utomvu wa miti, jeusi, linanata. Hilo si la mishumaa hii.)

Tuurudie mshumaa wetu mnene. Angalieni katikati. Shimo limeanza, pembeni kumebaki kugumu, na mwali umeshuka. Nta yake ni nzuri, nimeikanda mwenyewe, inanukia vizuri. Utambi ndio umeuangusha. Huu siupendekezi, na nimemwambia aliyeutengeneza abadilishe utambi, kwa sababu kila kitu kingine amekipatia.

Wa pili ni huu wa kukunja. Wanachukua karatasi ya nta yenye alama za vyumba vya sega, wanaweka utambi pembeni, wanaviringisha. Unapendeza mezani kuliko yote, na kama una mgeni au una sherehe ndogo nyumbani, chukua. Ila katikati ya mikunjo kuna hewa, kwa hiyo unawaka haraka kuliko wa kumimina wenye ukubwa uleule. Usiununue kwa ajili ya usiku ambao umeme umekatika.

Wa tatu, huu mwembamba niliofuta utando, ni wa kuchovya. Utambi unachovywa kwenye nta iliyoyeyuka, unatolewa, unapoa, unachovywa tena, tabaka juu ya tabaka. Huu ndio ninaoupendekeza kwa nyumba nyingi. Utambi na unene vimelingana, hauna shimo, na ukiuweka wima kwenye kinara kinachoushika vizuri, mahali pasipo upepo, hautiririki ovyo.

Kuhusu bei, msilinganishe mshumaa kwa mshumaa. Pimeni uzito. Mshumaa mwembamba kama huu kwa kawaida unakula gramu 5 hadi 8 kwa saa. Kwa hiyo wa gramu 60 utakupa saa 7 na nusu hadi 12. Tuseme umeuziwa shilingi 6,000 na umewaka saa 10: hiyo ni shilingi 600 kwa saa. Fanya hesabu hiyohiyo kwa ule wa pakiti, ambao mara nyingi ni mwepesi na unaisha mapema. Bado wa nyuki utakuwa ghali zaidi, sitawadanganya, lakini pengo litakuwa dogo kuliko mlivyodhani.

Sasa faida, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Utasikia kwamba nta ya nyuki ikiwaka inatoa ioni hasi zinazosafisha hewa na kuponya pumu. Hakuna ushahidi wa hilo. Mshumaa wowote ni moto, na moto wowote unatoa chembe ndogondogo hewani. Mama mwenye mtoto wa pumu, tafadhali, usiwashe mshumaa huu chumbani kwake ukidhani ni dawa. Tena haufukuzi mbu. Chandarua kinabaki palepale.

Faida za kweli zipo na zinatosha. Unawaka taratibu. Ukiwa na utambi sahihi, masizi ni machache. Mwanga wake ni wa njano ya joto, haukuchomi macho ukiwa unasoma au mnakula. Harufu inatoka kwenye nta yenyewe, hakuna cha kuongeza. Parafini inatokana na mafuta ghafi ya petroli, hii inatoka mzingani, na pesa yako inaweza kumfikia mfugaji wa Monduli au wa chini ya Meru. Makanisa yaliipenda nta hii kwa karne nyingi, wakati mshumaa mwingine uliokuwepo ulikuwa wa mafuta ya wanyama, wenye moshi na harufu nzito, na mpaka leo wapo wanaotaka mshumaa wa Pasaka uwe wa nta ya nyuki.

Ukiufikisha nyumbani, punguza utambi ubaki milimita 6 hivi kila kabla ya kuwasha. Mnene uuache siku ya kwanza uwake mpaka nta iyeyuke kufika ukingoni, kama saa moja kwa kila inchi ya upana, la sivyo utachimba shimo hata kama utambi ni mzuri. Uweke juu ya kisahani, mbali na pazia, na mbali kabisa na chandarua. Usilale ukiwaka. Na nta iliyoshika moto kwenye sufuria usiimwagie maji, itakurukia. Ifunike na mfuniko, zima jiko.

Kuzima nako kuna njia yake. Usipulize. Chukua kijiti, hivi, ulaze utambi ndani ya nta iliyoyeyuka, halafu uusimamishe tena. Mmeona? Hakuna moshi hata kidogo, na utambi umeshapakwa nta, kesho utashika moto mara moja.

Vipande vinavyobaki msitupe. Viwekeni kwenye kopo, mrudishie mtengenezaji, anaviyeyusha upya. Au paka kwenye zipu inayokwama na droo inayogoma.

Na kama unamfahamu mrinaji yeyote huku kwetu, Arumeru, Monduli, Longido, au upande wa Moshi, anayekamua asali na kumwaga masega, niandikie hapo chini uniambie yuko kijiji gani na ana mizinga mingapi. Ninawajua watengenezaji wanaotafuta nta ya karibu, nami nitawakutanisha.