Wiki tatu za Tour de France katika kibanda umiza cha Magomeni

Kibanda ninachokitathmini hapa hakina jina. Kina ubao mweusi mlangoni, ambao mwenye kibanda huandika ratiba ya siku kwa chaki, na kuanzia tarehe 5 hadi 27 Julai 2025, siku za mbio za baiskeli za Tour de France, mstari wa juu wa ubao huo ulikuwa na maneno yaleyale: "SAA 8 BAISKELI". Kipo Magomeni, katika uchochoro ambao mafundi baiskeli wameugeuza karakana, na mgeni akiuliza "kwa wale wa baiskeli" ataelekezwa na mtoto yeyote. Kwa umbile ni kibanda umiza, ukumbi mdogo wa kuangalia runinga kwa kiingilio, kama vingine: kuta za mabati, mabenchi marefu yasiyo na maegemeo, feni mbili ambazo moja hulia zaidi ya inavyopuliza, na runinga mbili, kubwa ya mbele na ndogo ya pembeni.

Nieleze kwanza kilichonifikisha huko. Mwaka uliotangulia, tarehe 1 Julai 2024, nilikwenda kuangalia hatua ya 3 ya mbio hizi, yaani mashindano ya siku ya tatu, katika baa moja ya upande wa Msasani, yenye skrini kubwa na viti vya ngozi, nikanunua soda kwa bei ya chakula cha mchana. Wapanda baiskeli walitoka Piacenza kwenda Turin, zaidi ya kilomita 230, nami nilivumilia karibu zote. Zilipobaki chache za mwisho, mhudumu akabadilisha chaneli ili wateja wasikilize mazungumzo ya kuelekea mechi ya Ufaransa na Ubelgiji, mechi ambayo ilikuwa bado haijaanza. Nikamwomba arudishe, akaniahidi kuwa atarudisha "baada ya dakika mbili". Ndani ya dakika hizo mbili Biniam Girmay wa Eritrea akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, nami niliisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa nimekaa chini ya skrini ambayo ingenionyesha. Tangu siku hiyo kipimo changu cha kwanza cha mahali pa kuangalia baiskeli ni kimoja: je, rimoti iko mikononi mwa nani?

Magomeni rimoti iko mfukoni mwa mwenye kibanda, na haitoki. Nilipomuuliza kwa nini ameamua kuonyesha mbio ambazo watu wengi wa mjini hawazifuatilii, alinijibu kwa hesabu za mfanyabiashara: mwezi wa Julai hauna soka, Ligi Kuu yetu imekwisha, ligi za Ulaya zimelala, na kibanda kilichofungwa hulipiwa pango sawa na kilicho wazi. Mafundi wa uchochoroni walikuwa wakimwomba kila mwaka, na mwaka 2025 alikubali kwa masharti kwamba wao wenyewe walete wateja. Wakaleta waendesha guta wa Kariakoo wanaomaliza kazi mapema, wauza mikate wa baiskeli, vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria wa jioni, na watu kama mimi.

Kiingilio kilikuwa shilingi 300, isipokuwa siku za milima, ambapo kilipanda hadi 500. Wengine walilalamika. Mimi naona mwenye kibanda ameielewa biashara yake kuliko walalamikaji, kwa kuwa katika mbio za hatua 21 zilizotandazwa kwenye wiki tatu, zikiwa na siku 2 tu za mapumziko, milima ndiyo hutenganisha wanaume na wavulana, na benchi ambalo siku ya tambarare hukaliwa na watu wanne, siku ya mlima hukaliwa na saba.

Siku ya kwanza ndiyo iliyonishawishi kuwa nimefika mahali pake. Hatua ilianzia Lille na kuishia Lille, kilomita 184.9 za nchi tambarare, na nusu ya waliokuwamo walikuwa wameanza kusinzia pale kundi lilipokatika ghafla vipande viwili bila ya mtu kuanguka. Kijana mmoja akauliza kama walio nyuma wamepata pancha wote kwa pamoja. Mzee mmoja, fundi ambaye vidole vyake vina weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote, akaomba ubao wa drafti uliokuwa chini ya benchi, akauweka magotini, akavipanga vizibo vya soda katika mstari wa mshazari. "Upepo unatoka huku," akasema, akipuliza kutoka ubavuni. Akaonyesha jinsi kila mpanda baiskeli anavyojibanza nyuma na pembeni ya mwenzake ili akingwe, jinsi mshazari huo unavyofika ukingoni mwa barabara na nafasi ikaisha, na jinsi kizibo cha tisa, kisicho na pa kujificha, kinavyobaki kinapigwa na upepo peke yake mpaka kinaachwa. "Sasa huyu si mchovu," akamalizia, "huyu amechelewa kupanga foleni."

Mwendesha guta aliyekaa karibu yangu hakuhitaji vizibo. Alisema kwamba yeye hujibanza nyuma ya Fuso kila siku kwenye Barabara ya Kilwa, na kwamba anayejua kuchagua Fuso hufika Mbagala akiwa bado na pumzi. Siku hiyo Remco Evenepoel na Primož Roglič, wawili waliotarajiwa kugombea ushindi wa jumla, walipoteza sekunde 39 kwa sababu hiyohiyo ya kuchelewa foleni, Jasper Philipsen wa Ubelgiji akashinda, na Girmay alipotokeza upande wa pili na kumaliza wa pili, kelele zilizopigwa zilimtoa mama muuza mihogo nje ya banda lake kuja kuuliza nani amefunga.

Kitu kinachokitofautisha kibanda hiki na sehemu nyingine zote nilizowahi kuangalia mbio hizi si runinga, ambayo kwa kweli ina doa la kijani kwenye pembe ya chini, bali ni karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani. Tour de France haieleweki kwa siku moja. Anayeshinda hatua ya leo anaweza kuwa nyuma kwa saa nzima katika jumla, na anayevaa jezi ya njano anaweza kumaliza wiki tatu akiwa ameshinda hatua chache au hata bila ya kushinda yoyote, kwa kuwa kinachohesabiwa ni muda wote uliojumlishwa tangu siku ya kwanza. Asiyekuwa na kumbukumbu ya jana haoni kitu leo. Mzee fundi huandika kwenye manila hiyo, kila jioni, majina ya kumi wa kwanza na tofauti zao kwa dakika na sekunde, kwa tahajia yake mwenyewe: "Pogacha", "Vingegadi", "Lipoviti", yaani Pogačar, Vingegaard na Lipowitz. Mtu aliyekosa siku tatu husimama mbele ya karatasi hiyo kwa dakika tano, kisha hukaa akiwa anajua ugomvi umefikia wapi.

Pembeni mwa majina kuna rangi za jezi, na hapo ndipo Dar es Salaam ilipojiingiza. Jezi ya njano ni ya kiongozi wa jumla, ya kijani ni ya mwenye pointi nyingi, ya madoa mekundu juu ya nyeupe ni ya mfalme wa milima, na nyeupe ni ya kijana bora. Haikuchukua siku mbili kabla ya wapenzi wa Yanga kutangaza kwamba ya njano na ya kijani ni zao, na wa Simba kuichukua ile ya madoa mekundu bila ya kupewa. Utani huo ulizaa elimu. Tadej Pogačar alipoongoza kwa pamoja katika jumla na katika milima, kanuni ikamtaka avae ya njano, na ile ya madoa ivaliwe na wa pili wa milima. Upande wa Yanga ukadai kwamba Simba wanashangilia jezi ya kuazima, upande wa Simba ukajibu kwamba mwenye mali amewaazima Yanga mtu. Sijawahi kusikia kanuni hiyo ikifafanuliwa vizuri zaidi. Mwisho wa yote Pogačar alitwaa zote mbili, na ya kijani ikaenda kwa Jonathan Milan wa Italia, kwa hiyo kila upande uliondoka na cha kusema.

Utangazaji ni wa Kiingereza, na mwenye kibanda amemweka kijana wa kutafsiri kwa kipaza sauti, kama ilivyo desturi ya vibanda vya filamu. Ana sauti nzuri na hachoki, lakini ana kasoro ambayo ni lazima niitaje: kila anayechomoka mbele ya kundi humwita Mfaransa. Kwa wiki mbili alikosea karibu kila siku. Tarehe 22 Julai, kwenye Mont Ventoux, mlima mweupe wa mawe wenye kimo cha mita 1,909, walibaki wawili mbele wakikabana hadi kwenye mstari, Ben Healy wa Ireland na Valentin Paret-Peintre, na Paret-Peintre, Mfaransa wa kweli, akashinda. Kijana alishangilia kama aliyeshinda yeye.

Kasoro nyingine ni nzito zaidi. Ufaransa katika kiangazi iko nyuma yetu kwa saa moja tu, na hatua nyingi humalizika kati ya saa 11 na nusu na saa 12 na nusu jioni, yaani kilomita za mwisho hukutana na adhana ya Maghribi. Mwenye kibanda huzima sauti adhana inapoanza, jambo ambalo ni la heshima na sina neno nalo, lakini wanaokwenda kuswali hurudi wakikuta wapanda baiskeli wanafutwa majasho na waandishi wa habari wamewazunguka. King'amuzi chake kina uwezo wa kurekodi, nilimwonyesha kitufe. Mpaka siku ya mwisho hakukitumia, akihofia kwamba watu wakijua marudio yapo watakuja saa 1 usiku bila ya kununua kahawa.

Tena kuna umeme. Tarehe 17 Julai, wakipanda Hautacam, zilipobaki kama kilomita 12, giza likaingia ndani ya kibanda katika sekunde ileile ambayo Pogačar aliinuka kwenye kiti. Jenereta ipo, mafuta hayakuwapo. Bodaboda alitumwa na chupa ya lita moja na nusu, na picha iliporudi Jonas Vingegaard alikuwa ameshaachwa mbali. Tofauti mlimani ikawa dakika 2 na sekunde 10. Tulirudishiwa shilingi 200 kati ya 500. Nadhani tungepaswa kurudishiwa zote, sisi tuliokuwapo, maana tulichokosa ndicho tulichokilipia.

Jambo lililozungumzwa kuliko washindani lilikuwa ni mashabiki wa kandokando ya barabara. Watu hawakuamini kwamba hakuna tiketi, kwamba mtu anaweza kulala na hema mlimani siku mbili, akapitiwa na msafara wa magari ya matangazo yanayorusha kofia na peremende, kisha wapanda baiskeli wakamalizika mbele yake kwa muda mfupi mno. "Yaani unasubiri tangu asubuhi halafu wanapita kama mwendokasi iliyojaa," alisema dada mmoja anayeuza vocha, na kwa abiria wa Magomeni, wanaosubiri mabasi hayo ya mwendokasi kila siku, mfano huo hauhitaji maelezo. Nilipowasimulia yule shabiki wa mwaka 2021 aliyenyoosha bango mbele ya kamera, akimsalimu babu na bibi yake, na kumwangusha Tony Martin pamoja na sehemu kubwa ya kundi, mzee fundi aliuliza kwanza baiskeli zilivunjika ngapi.

Kuhusu tumbo sitakawia. Mihogo ya kukaanga yenye chachandu ni mizuri, kahawa ya birika na kashata hupita kila nusu saa, na choo ni cha jirani, kwa hiyo tumia kabla ya kilomita 20 za mwisho.

Siku ya kufunga, Jumapili tarehe 27, mvua ilinyesha Paris, Wout van Aert akashinda baada ya kupanda Montmartre, na Pogačar akakamilisha ushindi wake wa nne kwa tofauti ya dakika 4 na sekunde 24. Manila ilibanduliwa kwa uangalifu na kukunjwa. Mzee aliondoka nayo kwapani. Kesho yake ubao uliandikwa ratiba ya mashindano ya soka ya CHAN.

Kwa waliouliza kuhusu Vuelta ya Hispania, mbio nyingine za wiki tatu, zilizoanza tarehe 23 Agosti 2025 huko Turin, jibu nililopewa lilikuwa kwamba Jumamosi na Jumapili hazipo kabisa, kwa sababu ligi ya soka ya Uingereza ingekuwa imeshaanza, lakini Jumatatu hadi Ijumaa mlango ungekuwa wazi saa 8 wakitimia watu kumi. Mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali ya Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza kufanyika Afrika, mwenye kibanda aliahidi kuyaonyesha bila ya masharti, kwa kiingilio cha 500 hata siku ya tambarare. Nilimwambia kwamba Kigali hakuna tambarare. Akasema basi itakuwa 500.