Street Fighter 6: gemu ya ngumi inayonifanya nifikiri

Katika gemu zote za mapigano nilizocheza, Street Fighter 6 ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na anayesema hivi ni mtu aliyekulia kwenye Tekken, gemu nyingine ya ngumi. Kampuni ya Capcom iliitoa Juni 2023, na mpaka leo nikipata nafasi ya kushika pedi ndiyo naiwasha.

Kilichonikamata ni geji ya Drive, yaani kipimo cha nguvu za mpiganaji. Raundi ikianza kila mpiganaji anapewa vipande sita, na ujanja karibu wote unavila: Drive Impact (pigo moja zito) kimoja, pigo maalumu la kuongezewa nguvu viwili, kukatiza pigo ili umkimbilie mpinzani vitatu. Hata ukikaa unajikinga tu, geji inashuka. Ikiisha unaingia Burnout, hali ya kuishiwa nguvu, na hapo mapigo maalumu yanakutafuna damu hata ukiyakinga. Ukibanwa ukutani katika hali hiyo, ukakinga Drive Impact, unazubaa kabisa na mwenzako anakufanya atakavyo.

Basi mwenye pupa anajimaliza mwenyewe. Drive Impact hustahimili mapigo mawili, kwa hiyo anayebonyezabonyeza ovyo anaingia mtegoni. Aliyetulia anairudishia kwa Drive Impact yake, au anamkamata mpigaji na kumtupa chini. Raha yangu iko hapo, kumsoma mtu mpaka ujue atafanya nini kabla hajafanya.

Tekken 8, ya Januari 2024, inapendeza sana macho, lakini mfumo wake wa Heat, unaoyapa mashambulizi nguvu zaidi kwa muda, unasukuma kila mtu ashambulie muda wote na anayejikinga anaumia. Najua wengi wanaipenda kwa sababu hiyohiyo. Mimi inanichosha. Mortal Kombat siigusi kabisa, zile Fatality za kuchana watu hazinifurahishi.

Kwa anayeanza, Street Fighter 6 ina mfumo wa vitufe unaoitwa Modern: pigo maalumu linatoka kwa kitufe kimoja tu, ingawa kwa njia hiyo ya mkato nguvu yake inapungua asilimia 20. Wapo wanaoubeza, nami nawapinga. Mdogo wangu wa kike aliingilia mlango huo akamchagua Manon, mwanajudo wa Ufaransa. Kila Manon anapokunyakua anajiongezea medali, na medali hazifutiki raundi ikiisha, kwa hiyo kadiri mechi inavyosonga ndivyo minyakuo yake inavyozidi kuumiza. Sasa tunapigana mechi za haki, na hanionei huruma.

Mhusika ninayemtazama kwa moyo wa pekee ni Elena, Mkenya aliyeonekana mara ya kwanza kwenye Street Fighter III mwaka 1997 na kurejea katika gemu hii Juni 2025. Ana mwendo mzuri kuliko wote, mrefu, mwepesi, na mateke yake yanafika mbali. Ila bado wamemwacha na capoeira, sanaa ya mapigano ya Brazili. Aliyeona kirumbizi kikichezwa Lamu, wawili wakikabiliana kwa fimbo katikati ya duara la watu na ngoma zikiwachochea, anajua kuwa pwani yetu ina mapigano yenye madaha na hatari kwa pamoja. Capcom wakimleta mpiganaji wa fimbo wa namna hiyo, nitamnunua siku ileile.