Vikuzaji vya kompyuta: nilivyovipima kwenye steshenari yangu Mwanjelwa

Steshenari yangu ipo Mwanjelwa, Mbeya, mlango unatazama magharibi, na kazi zake ni zilezile za steshenari yoyote: kuchapa barua, kutoa kopi, kuskani vyeti, kujazia watu fomu mtandaoni, picha za pasipoti. Kilicho tofauti ni mwenye duka. Nina ualbino, uoni wangu ni hafifu tangu kuzaliwa, na macho yangu hayatulii. Yanachezacheza kushoto na kulia hata nikiwa nimekaa kimya. Miwani ninayo na inasaidia kidogo, ila hakuna miwani iliyowahi kunifanya nisome herufi za ukubwa wa 12 nikiwa nimeegemea kiti kama watu wengine. Kabla ya kuvijua vikuzaji, yaani programu zinazokuza kila kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta, nilikuwa nachapa pua ikikaribia kugusa kioo, na jioni shingo inaniuma kuliko mtu aliyeshinda analima viazi Uporoto.

Wenye macho kama yangu, na wazazi wenye watoto wa namna hiyo, wakifika dukani huniuliza swali moja: programu ipi inakuza zaidi? Swali hilo ndilo linalowapotezea watu hela. Kikuzaji kilichomo ndani ya Windows kinafika mara 16. Kuna na za kununua: ZoomText inafika mara 60, SuperNova mara 64. Sasa nani anafanya kazi kwenye mara 60? Herufi moja inameza kioo chote. Na hata huko chini, hesabu haina huruma: ukikuza mara 2 unabaki unaona robo ya kioo, ukikuza mara 4 unaona sehemu moja tu kati ya 16. Kioo cha laptopu yangu ya kwanza kilikuwa na nukta (pikseli) 1366 kwa 768. Kwenye mara 4 nilikuwa nimebakiwa na nukta 341 kwa 192, na barua ya ukurasa mmoja ilikuwa safari.

Mimi naangalia jambo lingine kabisa: ukisogea, hiyo programu inasogeaje?

Nianze na cha bure. Shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, bonyeza alama ya kujumlisha, kioo kinakua. Alama ya kutoa, kinapungua. Windows na Esc, kinazimika. Kina namna tatu za kukaa: kioo kizima, ambayo unaiita kwa Ctrl, Alt na F, lenzi inayotembea na mausi, Ctrl, Alt na L, na ukanda unaokaa juu ya kioo huku chini kila kitu kikibaki na ukubwa wake wa kawaida, Ctrl, Alt na D. Wengi wanabonyeza ile alama ya kujumlisha mara moja, kioo kinaruka kutoka asilimia 100 hadi 200, wanashtuka, wanazima, na hawarudi tena. Ingia kwenye mipangilio, punguza hatua iwe asilimia 25. Mimi nafanya kazi kwenye asilimia 250, wala si zaidi, na nilifika hapo kwa kushuka kutoka 400, siku kwa siku, mpaka nikapata ukubwa mdogo kuliko yote ambao bado naweza kuusoma saa nne mfululizo.

Mpangilio wa pili ndio uliniokoa. Kikuzaji kinakuuliza mshale wa mausi ukae wapi: katikati ya kioo au ndani ya kingo. Ukichagua katikati, kila mkono unapotikisika, dunia nzima inateleza. Kwa macho yasiyotulia kama yangu, dakika kumi tu nahisi kichefuchefu kama abiria wa siti ya nyuma kwenye kona za Kitonga. Ukichagua ndani ya kingo, picha inatulia mpaka mshale uguse ukingo ndipo inasogea. Kuna pia sehemu ya kukiambia kifuate kimstari kinachopepesa pale unapoandika. Iwashe. Bila hiyo utachapa mistari mitatu nje ya kioo, na mteja amekusimamia akidhani unaiona.

Mteja kusimama nyuma yako nalo ni jambo, na sijawahi kusikia mtu akilitaja. Siku moja dada mmoja amekuja kuchapa barua ya kumlalamikia mwajiri wake, mishahara ya miezi mitatu. Ninachapa "YAH: KUTOLIPWA MSHAHARA", herufi kubwa kama za bango, na nyuma kuna foleni ya watu watano wa kopi. Mzee wa mwisho kwenye foleni akasema, "Pole sana mwanangu, hata sisi walitufanyia hivyohivyo." Dada wa watu akajifunika uso na kanga. Kesho yake nikageuza meza, sasa mgongo wangu unatazama ukuta. Hakuna programu ya kulitatua hilo, ni mpangilio wa fenicha.

Kabla ya kukuza kioo kizima, kuna ngazi ya chini yake ambayo watu wanairuka. Windows ina mpangilio wa ukubwa wa maandishi peke yake, unafika asilimia 225. Kivinjari nacho, ukibonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha, kinakuza kurasa nyingi huku maneno yakijikunja yenyewe yasitoke nje ya kioo. Word ukiiweka kwenye mwonekano wa wavuti inafanya vivyo hivyo. Hapo unasoma kwa kushuka tu. Kikuzaji hakikunji maneno. Kinakuza picha kama ilivyo, kwa hiyo kila mstari unaufuata kwenda kulia, kisha unarudi kushoto kuutafuta mstari unaofuata, na mara nyingi unaangukia uleule uliokwisha kuusoma. Kwa hiyo kwa barua na mtandao mimi natumia kwanza hizo njia za kukunja, kikuzaji kinakuja kumalizia.

Excel ndipo pasipo na ujanja. Natunza daftari la kikundi cha VICOBA cha akina mama thelathini, majina upande wa kushoto, wiki zimepangwa kwenda kulia. Ukikuza, unaiona 5,000 imekaa peke yake kama yatima, hujui ni ya nani wala ya wiki gani. Niliwahi kumwandikia mama mmoja rejesho la jirani yake, na nyinyi mnajua kikao cha VICOBA kinavyokuwa. Dawa yangu ni mbili. Nagandisha safu ya majina na mstari wa tarehe, visitembee. Kisha naweka kikuzaji kwenye ule ukanda wa juu: chini naiona jedwali nzima kwa ukungu, umbo lake tu, najua niko pembeni au katikati, na juu nasoma tarakimu yenyewe. Kwa kazi za hesabu ukanda unashinda kioo kizima, sina mjadala na mtu.

Mwanga sasa. Karatasi nyeupe ya Word kwangu ni kama kutazama mabati mapya saa sita mchana. Kikuzaji cha Windows kinageuza rangi kwa Ctrl, Alt na I: nyeupe inakuwa nyeusi, herufi zinakuwa nyeupe, macho yanapumua. Shida inakuja kwenye picha, maana nazo zinageuka. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja kupiga picha za pasipoti, nikasahau kurudisha rangi. Akachungulia kioo, akaruka: "Bosi, mbona umenifanya mweupe?" Nikamwambia karibu chamani. Tulicheka wote wawili, ingawa yeye alicheka baada ya kuona iliyotoka kwenye printa ni ya kawaida. Rangi zinageuka kwenye kioo tu, karatasi haiguswi.

Hapo ndipo ZoomText inaanza kuhalalisha bei yake. Rafiki niliyesoma naye sekondari anafanya kazi Dar es Salaam, mwajiri wake amemlipia leseni. Alipokuja likizo kwao Uyole nikakaa na laptopu yake siku tatu. Matoleo yake ya karibuni yana ugeuzaji wa rangi unaoacha picha zibaki kama zilivyo. Herufi nazo ni habari nyingine: inazichora upya, kwa hiyo hata mara 5 kingo ni laini, wakati kikuzaji cha Windows kinapanua nukta zilezile na kwenye ukubwa huo a na e zinaanza kufanana. Unaweza kuuzungushia mshale duara la rangi, na ukipotea kwenye kioo unaupata mara moja. Inasoma kwa sauti pia. Inatengenezwa na Freedom Scientific ya Marekani, ndio haohao wenye JAWS, kisoma kioo, yaani programu inayokusomea kwa sauti kilicho kwenye kioo, na wana kifurushi kinachounganisha zote mbili kiitwacho Fusion.

Ningeinunua? Kwa kazi yangu, hapana. Bei ni ya dola, na mimi kopi nauza shilingi mia. Kwa mtu wa ofisini anayehitaji mara 5 kwenda juu, anayesoma ripoti kutwa nzima, na mwajiri ndiye anayelipa, aiombe bila aibu. Aombe na mashine yenye nguvu kwa barua hiyohiyo, maana programu nzito juu ya laptopu ya mtumba ni mkokoteni kumvutisha mbuzi. SuperNova ya Dolphin, Uingereza, ipo kundi hilohilo, nayo wanaiuza kwa ngazi: kukuza peke yake, kukuza na sauti, au kukuza pamoja na kisoma kioo kamili. Huo mpango wa ngazi naupenda kwa mtu ambaye daktari amemwambia macho yataendelea kupungua.

Programu za wizi za kuuziwa kwenye flashi msinunue. Mwaka mmoja fundi mmoja alinipa kwa elfu thelathini "ful vesheni, mkuu, haina kudai leseni". Ilikuwa MAGic, programu ya kukuza ambayo watengenezaji wenyewe walishaiacha. Jumatatu nafungua duka, mafaili yote ya wateja yamegeuka shotikati. Vyeti, barua, ripoti ya mwanafunzi wa chuo aliyebakiza siku mbili kukabidhi. Yule mwanafunzi alilia mbele yangu, na fundi simu hapokei.

Sauti nazo zinastahili aya yake, kwa sababu kukuza hakumfai kila mtu. Mjomba wangu wa Tukuyu ana presha ya macho. Anaona katikati, pembeni pameshafungwa. Nilipomwekea mara 3 nikidhani namsaidia, akapotea kabisa. Tayari anachungulia kwenye bomba, mimi nikamkuzia kilichomo ndani ya bomba. Yeye tulimrudisha ukubwa wa kawaida, mshale mnene wa njano, na sauti. Kwenye Edge, kivinjari cha Windows, ukifungua ukurasa na kubonyeza Ctrl, Shift na U, unasomewa, na kuna sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi. Zinahitaji intaneti, lakini zinasoma kama watu. Mjomba anamsikiliza Rehema akimsomea habari za bei ya chai, akimaliza anamjibu "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, kama vile amemtembelea nyumbani. Bila intaneti ipo NVDA, kisoma kioo cha bure, waliyoianzisha vijana wawili wa Australia mwaka 2006. Kiswahili inacho, ila sauti ni ya bati na inachukua wiki kuzoeleka. Kikuzaji cha Windows nacho kinasoma, Ctrl, Alt na Enter, lakini kikiwa na sauti ya Kiingereza kikikutana na "ng'ombe" utamwonea huruma.

Kwenye simu sina mengi. Ukuzaji upo ndani ya Android na iPhone, unauwasha kwenye mipangilio, na kwa kusoma ujumbe wa muamala unatosha.

Nilichonunua kwa hela yangu mwishowe hakikuwa programu. Ni monita ya mtumba ya inchi 22, laki moja na ishirini, naiinua kwa rimu za karatasi mpaka ilingane na macho yangu ili kioo kinifuate mimi, si mimi kukiinamia. Rimu nne. Kuna siku za mitihani shule zinanunua karatasi mpaka akiba inaisha, nauza rimu moja ya chini ya monita, halafu ya pili, na ikifika saa kumi jua limeingia mlangoni, nimevuta pazia, nimeinama tena kama zamani. Kijana anayenisaidia ameshaahidi kunitengenezea stendi ya mbao. Namdai tangu Pasaka.