Doa Jeupe Ubavuni: Uchambuzi wa Chupa ya Port ya Mwaka 1977

Watazamaji wapenzi, karibuni. Chupa mnayoiona mezani ni ya Port, mvinyo mtamu wa Ureno ulioongezwa pombe kali, ya daraja la Vintage, yaani ya mavuno ya mwaka mmoja tu: zabibu zake zilivunwa mwaka 1977 katika bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno. Leo nitazungumzia nje ya chupa kuliko ladha ya kilichomo, kwa sababu mvinyo ukifikia umri huu muuzaji anaweza kuusifu apendavyo, lakini kioo na kizibo havimfichii siri.

Tuanze na hili doa jeupe ubavuni, ambalo wengi hulidhania uchafu wakakimbilia kulisugua. Tafadhali msilisugue. Port ya Vintage haikai sana kwenye pipa. Hutiwa chupani kati ya mwaka wa pili na wa tatu baada ya mavuno, tena bila kuchujwa, kwa hiyo miongo yote ya kukomaa hupita ndani ya kioo na mashapo hutua humo humo. Chupa ikilazwa, mashapo hushuka upande wa chini na kugandamana kuwa utando mgumu. Kwa kuwa zamani chupa nyingi zililazwa ghalani bila lebo, watunza ghala walipiga brashi ya chokaa upande uliotazama juu, ili yeyote atakayeihamisha chupa ailaze tena vilevile. Sasa nikimulika tochi kwa nyuma, tazameni: utando mweusi umeshika upande ulio mkabala na doa, kuanzia begani hadi karibu na kitako, bila kukatika. Chupa hii haikugeuzwageuzwa. Ningeukuta utando pande mbili, au vipande vyake vikielea, ningedai bei ipunguzwe au ningeiacha dukani.

Tupande shingoni. Kofia hii inayofunika kizibo imechorwa jina la nyumba iliyotengeneza mvinyo, na kizibo chenyewe huwa kimepigwa chapa ya jina na mwaka, jambo linalosaidia sana pale lebo inapoliwa na unyevu wa ghala. Kuna pia ukanda wa karatasi wenye namba, ambao ni dhamana ya taasisi ya Ureno inayosimamia Port. Hadi mavuno ya 1970, mapipa mengi yalipelekwa Uingereza na wafanyabiashara wa huko ndio waliojaza chupa, ndiyo maana chupa mbili za nyumba moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana. Kuanzia mavuno ya 1975, Vintage hutiwa chupani Ureno kwenyewe. Kimo cha mvinyo nacho kitazameni: hapa kimefika chini kidogo ya kizibo, nami nimeridhika.

Kuhusu kuihifadhi, ilazwe ili kizibo kisikauke, doa likiwa juu, na kama hakuna doa basi lebo iwe juu. Iwe gizani, mahali palipotulia, kwenye nyuzi 12 hadi 15 hivi za Selsiasi, na joto lisipande na kushuka, kwani hilo huchosha kizibo. Kabati la jikoni la Mombasa au Dar es Salaam halifai hata kidogo. Aliye Pwani atafute friji maalumu ya mvinyo, au asinunue Vintage ya kuweka. Kwake Tawny, aina nyingine ya Port, ingefaa zaidi, maana hiyo imekwisha kukomaa kwenye pipa, ina kizibo kifupi chenye kichwa cha kushika, na husimamishwa wima.

Siku moja kabla ya kuinywa, isimamisheni taratibu ili mashapo yaliyolegea yashuke kitakoni. Kizibo cha umri huu huvunjika kwa urahisi, na wazoefu wengine huepuka kizibuo kabisa: hushika shingo kwa koleo lililopashwa moto hadi kuwa jekundu, kisha hupitisha kitambaa cha maji baridi, kioo kikakatika. Sikushaurini kulijaribu hilo nyumbani. Mimineni kwenye jagi la kioo polepole bila kusita, doa likiwa bado juu na tochi ikimulika shingo, na mara tu uzi mweusi wa mashapo ukifika begani, acheni. Kitakachobaki ni kama glasi moja ya matope. Mvinyo uliomiminwa unywewe siku hiyo au kesho yake, kwa sababu Vintage kuukuu, pamoja na kilevi chake cha asilimia 20 hivi, haivumilii hewa kama Tawny.

Kwa bei niliyotajiwa, chupa hii ningeinunua.